Wanaotangulia

Mwenye mgahawa aliinamisha dumu, akamimina maziwa kidogo kwenye glasi, akaiinua mwangani kama mtu anayekagua noti asiyoiamini. Akaizungusha. Maziwa yalipanda ukingoni yakashuka bila kuacha utando wowote.

"Mama Maziwa," akasema, "mimi na wewe hatukuanza kujuana jana."

"Ni kweli, kaka."

"Kama siku hizi unapata maji kwa urahisi kuliko maziwa, ungeniambia tu. Tungeelewana."

Wateja waliokaa karibu na mlango waliacha kutafuna. Mwanamke alihisi shingo yake ikichemka, na halikuwa jua. Alisema hajatia maji. Ni hili joto, mbuzi hawali, wanakunywa tu, na mbuzi asiyekula maziwa yake yanakuwa mepesi.

"Kwa hiyo joto ndilo linalotia maji," mwenye mgahawa akasema, na mmoja wa wale wateja akacheka kwa pua.

Mwenye mgahawa alichukua maziwa ya kutosha chai ya asubuhi ile tu, akamrudishia dumu. Hakumlipa. Alisema wataonana mwisho wa wiki, wakati siku zote alimlipa pale pale. Mwanamke alipokuwa anatoka alimsikia akimwagiza mpishi aioshe ile glasi kwa maji ya moto.

Zamani hakuitwa Mama Maziwa. Zamani, yaani kabla ya kiangazi kilichopita, mtaa mzima ulimwita kwa jina la mwanawe, kama mama yeyote anavyoitwa. Mtoto alipokufa watu wakakwama. Kuendelea kumwita vile ni kumtonesha kidonda, na kuacha ni kama kumfuta mtoto. Kwa muda wakawa wanamwita "dada" au "mwenzangu", macho wameyaelekeza kwingine, mpaka Fundi, mumewe, alipoleta mbuzi weupe na mwanamke akaanza kuzungusha maziwa. Jina la Mama Maziwa likawaokoa wote. Mumewe hakumwita chochote. Akimhitaji, alikohoa.

Alirudi nyumbani na dumu lililobaki zito. Lami ilikuwa imelainika na kunata kwenye viatu. Mbwa mmoja alikuwa amejilaza ndani ya mtaro mkavu, tumbo limegandamana na saruji, na hakuinua hata kichwa alipopita.

Alilisikia zizi kabla hajaliona. Ilikuwa sauti kavu, ya haraka, isiyopumzika, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Kutweta. Katika siku hizi za karibuni alikuwa akiisikia hata akiwa sokoni, hata akiwa amejimwagia maji kichwani, na mara mbili tatu alikuwa ametoka mbio kwenda kuangalia akakuta mbuzi wametulia. Hakumwambia mtu. Hakujua angesema anasikia nini.

Nyumba yao ilikuwa ni kama nyumba mbili zilizogandana. Nyuma kulikuwa na chumba cha mama mkwe, alichojenga marehemu mumewe: kuta nene za udongo, paa la nyasi, mlango mfupi wa kuinamia. Mbele kulikuwa na vyumba vya Fundi, vya matofali na bati. Na pembeni kabisa, kwa bati tupu kuanzia chini hadi juu, Fundi alijenga chumba kidogo, kisha akaegemeza zizi la mbuzi kwenye ukuta wa chumba hicho. Chumba kidogo kilikuwa na kufuli. Mwanamke alipopita hapo aligeuza uso upande wa pili, kama mtu anayempita mdai wake.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa mbele ya zizi, anapitisha bakuli la maji kati ya nondo za geti.

"Wamekataa majani tena," akasema. "Wanakunywa mpaka nachoka kuchota."

Ndani walikuwa watatu. Weupe wawili, wakubwa, manyoya mazito, matiti yaliyojaa mishipa. Siku ya kwanza Fundi aliwatazama kwa furaha akawabatiza Bibi Harusi na Mpambe. Bibi Harusi alikuwa na mimba. Mpambe ndiye aliyekuwa akikamuliwa. Wa tatu alikuwa chotara mwenye madoa na masikio marefu yanayoning'inia, nao wakamwita Masikio.

Mpambe alisimama katikati, miguu ameitanua, shingo ameinyoosha mbele, mdomo wazi. Ulimi ulikuwa nje na mate yakining'inia kama uzi. Bibi Harusi alikuwa amelaza kidevu ukingoni mwa ndoo. Masikio naye alihema, mbavu zikipanda na kushuka, ila mdomo wake ulikuwa umefungwa na mara moja moja alikumbuka kutafuna.

Nje, chini ya mti, mbuzi wekundu wa mama mkwe walikuwa wamelala kwenye kivuli wanacheua, kana kwamba joto ni habari ya mtaa wa pili. Ndio waliobaki. Wenzao walikuwa wengi, Fundi akawauza ili anunue weupe. Mama mkwe hakuwahi kulalamika waziwazi. Alikuwa tu akiwahesabu wale waliobaki kwa sauti kila mwanawe alipopita.

"Mama, tuwatoe nje hawa wakae na wako."

"Kwa ufunguo gani?" Mama mkwe alionyesha kufuli la geti. "Mwenyewe ameuchukua. Anasema wezi, anasema beberu langu litawasumbua. Nenda ukamwombe."

*

Karakana ilikuwa kando ya barabara kuu, chini ya turubai. Fundi alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea, cheche zikiruka miguuni pake, na mteja wa geti amesimama nyuma yake na mikono mfukoni. Mwanamke alisubiri cheche ziishe.

"Naomba ufunguo wa zizi."

Fundi aliinua miwani hadi kwenye paji la uso. "Kuna nini?"

"Mpambe anatweta. Ulimi uko nje. Nataka kuwatoa."

"Uwatoe waende wapi? Jua liko nje, ndani kuna kivuli. Unamtoa mnyama kivulini unampeleka juani?"

"Ndani ni kama chungu kilicho jikoni. Weka mkono kwenye ukuta wake."

Mteja wa geti alijifanya anakagua bawaba. Fundi akamtupia jicho, kisha akashusha sauti, na ilipokuwa ndogo ndipo ilipokuwa kali.

"Nimejenga zizi lile kwa mikono yangu. Kuta zake hazina hata tundu la kupitisha kidole. Huu mtaa mzima hakuna zizi kama lile."

"Najua."

"Na joto lipo kila mwaka."

Maneno hayo yalikuwa ya kawaida kabisa, mtu yeyote angeweza kuyasema kuhusu kiangazi chochote, lakini yalibaki pale katikati yao na hakuna aliyejua ayaokote vipi. Fundi alishusha miwani.

"Nitakuja jioni," akasema, na cheche zikaanza tena.

"Mama Maziwa," yule mteja alimwambia alipokuwa akiondoka, kwa nia njema, "wape maji ya chumvi."

*

Fundi alifika jua likiwa bado kwenye mapaa. Hakuhitaji kuambiwa. Mkewe na mama yake walikuwa wamekaa chini mbele ya geti, migongo imeegemea nondo, na kutweta kulikotoka ndani kulikuwa kwa mbuzi wawili tu. Mpambe alikuwa amelala ubavu, macho wazi, nzi wameshaanza kazi yao.

Alifungua kufuli. Alipoingia, joto lilimpiga usoni hata akarudi hatua moja, kisha akajikaza akaingia tena kwa kuwa wanawake walikuwa wanamtazama. Alimgusa Mpambe shingoni, akavuta mkono haraka. Saa nzima ilikuwa imepita tangu afe na mwili bado ulikuwa unawaka.

"Kuna mtu amemlisha kitu," akasema.

"Nani?" mama yake akauliza.

"Watu wana husuda. Mbuzi mzima hafi hivi hivi tu." Akamgeukia mkewe lakini hakumtazama machoni. "Mlikuwa wapi mchana?"

"Hapa," mkewe akasema. "Tulikuwa hapa hapa. Tulikuwa tunamwona."

Fundi alimtoa Masikio na Bibi Harusi kwa kamba akawafunga chini ya mti, pembeni ya wekundu. Kisha akasema ataita daktari wa mifugo kesho asubuhi, ampasue huyu, sumu ionekane, na aliyefanya hivyo ajulikane. Alisema kwa sauti ya kufika kwa majirani. Mkewe aliona kwamba anaitamani ile sumu. Aliitamani kama mgonjwa anavyotamani kuambiwa ni malaria tu.

*

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, akaja kwa pikipiki na sanduku limefungwa nyuma. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimpasua Mpambe kwenye gunia nyuma ya nyumba, akatazama alichotaka kutazama, akanawa. Asubuhi ile Fundi alikuwa amewarudisha Bibi Harusi na Masikio ndani, maana aliogopa daktari angewakuta nje na ionekane kama ameshakubali kosa. Daktari aliingia zizini, akaweka kiganja kwenye bati, akakiondoa.

"Hakuna sumu," akasema. "Huyu amekufa kwa joto."

"Daktari," Fundi akasema, "mama yangu ana mbuzi pale nje, joto ni hilo hilo."

"Joto ni hilo hilo, mbuzi si hao hao." Alisema bila kejeli, kama anayesoma. "Wale wekundu ni wadogo, wembamba, nywele fupi. Joto linawatoka upesi. Wazazi wao na wazazi wa wazazi wao wamekulia kwenye jua hili. Hawa weupe kwao ni kwenye baridi. Mwili mkubwa, manyoya mengi, na tumbo linalosaga chakula cha kutengeneza maziwa mengi ni kama jiko, linawaka lenyewe ndani. Mbuzi akishindwa kutoa joto kwa ngozi, analitoa kwa pumzi. Anahema haraka, anahema haraka zaidi, mwisho anachoka." Akamshika Masikio sikio moja, akalifungua kwenye kiganja kama kitambaa. "Huyu ni nusu kwa nusu. Masikio haya yanamsaidia. Naye anaumia ila ataweza kuvumilia, mkimtoa humu."

Akapita akichunguza pembe za zizi, juu na chini, huku akiendelea kuuliza maswali yake. Wanakula saa ngapi. Maji yanabadilishwa mara ngapi. Nani alijenga.

"Mimi," Fundi akasema.

"Umejenga imara. Lakini hukuacha pa kupumulia." Akafungua kalamu. "Mmewahi kupoteza mwingine kabla ya huyu?"

Fundi alikuwa ameshaanza kusema hapana.

"Mmoja," mama mkwe akajibu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa zizi, mikono mapajani. Mwanamke alimgeukia.

"Humu humu?"

"Pembeni hapo." Mama mkwe akaelekeza kidevu kwenye chumba chenye kufuli. "Ukuta ni mmoja."

"Mkubwa au mdogo?"

"Mdogo. Wa kiume."

"Alikuwa ananyonya?"

"Alikuwa ananyonya."

"Dalili zilikuwa hizi? Kuhema, mwili kuwaka, kukataa titi?"

"Hizo hizo."

"Kiangazi?"

"Kilichopita. Mchana."

Daktari aliitikia kwa kichwa huku akiandika. "Basi ni jambo moja. Wadogo ndio hutangulia, maana mwili wao haujajua kujipoza. Wanafuatiwa na wenye mimba, na hawa wa kigeni. Wadogo hawatakiwi kuwekwa chini ya bati hata kidogo. Mngeniita mwaka jana tungezuia."

Ndani ya zizi Bibi Harusi alikuwa anatweta. Mwanamke alitazama buti za daktari, udongo ulioganda kwenye visigino, akajiambia atazame hapo tu na asitazame pengine. Akasikia kufuli likianguka kwenye saruji. Fundi alikuwa amelishika na sasa hakuwa amelishika. Alitoka akipita katikati yao, akavuka uwanja, akafungua geti la barabarani bila kulifunga.

Daktari aliinua macho. Alitazama geti lililoachwa wazi, akamtazama bibi kwenye kigoda, akakitazama chumba chenye kufuli. Kwenye kizingiti cha chumba kile kulikuwa na sahani ya plastiki ya rangi ya njano yenye picha ya bata, imefunikwa na vumbi. Uso wake ukabadilika polepole.

"Nimesema vibaya," akasema.

"Hapana, daktari," mwanamke akasema. "Umesema vizuri."

*

Bibi Harusi alianguka kabla ya adhuhuri. Walikuwa wameshamtoa zizini na kumweka chini ya mti, wamemlowesha miguu na tumbo kama daktari alivyoagiza, wamempepea kwa kipande cha boksi. Lakini hata kivuli kilikuwa cha moto. Wekundu wenyewe walikuwa wamesogea hadi kwenye shina la mti na wameacha kucheua.

"Tumpeleke chumbani kwangu," mama mkwe akasema.

"Kwako, mama? Mbuzi?"

"Kuna ubaridi."

Walimvuta juu ya gunia, mmoja mbele mmoja nyuma, wakampitisha kwenye mlango mfupi. Ndani kulikuwa na giza la kahawia na harufu ya udongo uliomwagiwa maji. Kweli kulikuwa na ubaridi. Mwanamke alisimama katikati ya chumba kile na jasho likaanza kumkauka mgongoni, na hapo ndipo alipokaa chini ghafla.

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe alitandika mkeka pale pale, karibu na ukuta wa nyuma. Alisema mchana alale kwangu, kwenu kuna moto. Mwanamke alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Alikuwa bibi harusi wa mtu aliyejenga kwa bati jipya linalong'aa, alikuwa na pazia lenye maua, na alisema mwanangu hatalala kwenye udongo, mama, vumbi litamwingia puani. Mama mkwe akaukunja ule mkeka. Hakuusema tena, wala siku ile, wala baada yake.

"Mama," akasema sasa, "kwa nini ulimjibu daktari?"

Mama mkwe alikuwa anapitisha kitambaa chenye maji kwenye pembe za mbuzi. "Aliuliza."

"Lakini hakuwa anamuulizia mtoto."

"Najua." Akakamua kitambaa. "Ila tangu mwaka jana hakuna mtu yeyote aliyeuliza. Hospitali walisema homa, tukasema sawa, homa. Mimi ninalala humu peke yangu na ubaridi wote huu."

Baadaye Bibi Harusi alianza kujikunja na kusukuma, mapema mno, na mama mkwe akajua kinachokuja akavua kanga ya begani. Walitoka pacha, wadogo, bila manyoya, midomo ya waridi imefungwa. Mama mkwe aliwafunga kwenye kanga na hakumwonyesha mama yao. Mbuzi aliinua kichwa akatafuta cha kulamba, akalamba sakafu, akalamba mkono wa mwanamke, ulimi wake ukiwa mkavu kama msasa. Mwanamke hakuuondoa mkono. Kutweta kulikuwa kumepungua. Kulikuwa na nafasi sasa kati ya pumzi na pumzi.

*

Fundi alirudi alasiri na ngazi begani na mfuko wa spana. Alichungulia chumbani kwa mama yake, akamwona mbuzi juu ya gunia na mkewe pembeni yake, akaona kanga iliyofungwa.

Alikwenda zizini, akapanda, akaanza kufungua paa. Mabati yalikuwa ya moto kiasi kwamba alilazimika kuyashika kwa vipande vya gunia, na hata hivyo akawa anatoa sauti ndogo kila alipoyageuza. Bati la kwanza liliposhuka likagonga ardhi kwa kishindo, majirani wakatokeza kwenye kuta zao.

"Fundi," mmoja akaita, "mbona unabomoa? Au umepata tenda ya kujenga upya?"

Kicheko kikapita ukutani. Mkewe alitoka akaja kushika ngazi, na walifanya kazi hivyo, yeye akishusha na mkewe akipokea, mpaka zizi likabaki nguzo na anga. Kisha Fundi akaihamisha ngazi akaiegemeza kwenye chumba kidogo.

"Hicho bado," mkewe akasema. "Nipe ufunguo."

Alimtazama. Akatoa ufunguo mfukoni. Haukuwa kwenye kishikio pamoja na zingine. Alikuwa akiubeba peke yake.

Mwanamke alifungua na kuingia, akaurudisha mlango nyuma yake. Kulikuwa na godoro dogo lililosimamishwa ukutani na pazia lenye maua lililopauka. Bati lilikuwa linalia, tiki, tiki, likitanuka. Alikaa sakafuni. Hewa ilikuwa nzito ya kutafunwa. Kwanza jasho lilimtoka, kisha likawa kama limekwisha, kisha akasikia pumzi yake ikianza kufupika, na hakunyanyuka. Alitaka kujua. Mwaka mzima alikuwa akiambiwa homa, naye alitaka kujua ilikuwaje.

Mlango ukafunguliwa. Fundi alisimama pale, mwanga nyuma yake.

"Toka, utaugua."

"Kaa kidogo."

Alisita. Kisha akaingia akakaa, magoti yake yakigusana na ya mkewe kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo kiasi hicho. Walikaa. Mwanamke akasikia kutweta tena na akafikiri ni Bibi Harusi, akafikiri ni kule kunakomfuata sokoni, mpaka alipogeuka akaona kwamba ni mumewe, mdomo wazi, machozi na jasho vimechanganyika hata kidevuni.

"Nilipokuwa naezeka humu," akasema, "nilikuwa natoka nje kila mara. Nilikuwa siwezi kukaa. Nikajiambia ni kwa sababu nafanya kazi."

Mkewe alifikiri angepiga kelele. Alikuwa ameiandaa kelele hiyo mwaka mzima bila kujua ni ya nani.

"Mama alitaka alale kwake," akasema. "Mimi nikakataa."

Fundi akamwita kwa jina la mtoto, Mama fulani, jina zima, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akamshika mkono akamwinua, wakatoka, na wote wawili wakasimama nje wamejikunja, mikono magotini, wanavuta hewa ya alasiri ambayo nayo haikuwa nzuri lakini ilikuwa hewa.

*

Waliweka mabati ya zizi na ya chumba kidogo barabarani yauzwe. Yalikaa siku kadhaa, watu wakipita na kuyagonga kwa vidole. Bibi Harusi alisimama na kula, ila maziwa hayakuja, na mwenye mgahawa alishapata mtu mwingine. Masikio alitoa kidogo, ya kunywa nyumbani. Fundi alilijengea zizi paa la nyasi, juu, bila kuta, akitumia mikono iliyofungwa vitambaa. Walimlipa mlinzi wa jirani awaangalizie mbuzi usiku. Mwanamke bado aliisikia ile sauti, lakini hakuwa akikimbia tena. Alisimama akaisikiliza mpaka ipite.

Mnunuzi aliyekuja alikuwa mzee mwenye mkokoteni na kofia iliyopauka. Aliyagonga mabati moja moja.

"Haya mapya," akasema. "Yanavuja?"

"Hayavuji," Fundi akajibu.

"Ni ya wizi?"

"Si ya wizi. Ni yangu."

"Mtu habomoi paa jipya, fundi. Usinifanye mtoto." Akaanza kuyapanga hata hivyo, maana bei ilikuwa nzuri. "Mkwe wangu amejifungua juzi juzi tu, hana pa kulala. Nitawapandishia kachumba ka haraka."

Fundi aliacha kumsaidia. Alimtazama mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba asilazimike kusema yeye.

"Mzee," mwanamke akasema, "mwanetu alifia chini ya hayo."

Yule mzee aliondoa mikono kwenye bati kana kwamba limemchoma.

"Si mikosi," akaendelea. "Ni joto. Chumba kilikuwa kifupi, hakikuwa na dirisha. Tulimlaza mchana. Ilikuwa kiangazi kama hiki." Alikuwa hajawahi kuyasema hivyo, moja baada ya jingine, na aliona kuwa yanasemeka.

"Sasa nifanyeje?" mzee akauliza. "Hela ya kitu kingine sina. Na yule binti analala kwa watu."

"Chukua," Fundi akasema. "Nitakuja kuezeka mimi. Nitalinyanyua paa, chini yake tutatandaza nyasi nene, na nitakuwekea madirisha mawili yanayotazamana. Ufundi sitaki kitu."

"Hakuna anayefanya kazi ya bure."

"Nitakuja naye," mwanamke akasema. "Nitamshika mtoto, mama yake apumzike, wakati nyinyi mnapiga misumari."

Mzee akaitazama mikono ya mwanamke. Naye alimwelewa. Yeye mwenyewe asingemkabidhi mtoto mtu ambaye wake alikufa, wala asingejua akatae vipi. Mzee aliyafunga mabati kwenye mkokoteni kwa kamba, akakaza, akalegeza, akakaza tena.

"Analia sana, huyo," akasema hatimaye, kama anayemwonya. "Mchana kutwa. Utachoka."

"Ni vizuri," mwanamke akasema. "Wetu siku ile hakulia."